Ripoti ya maabara inasema p53 ni chanya: je, baba yetu amebakiza muda gani?

Shikamoo mshauri,

Mimi ni binti wa kwanza katika familia ya watoto watatu. Baba yetu, mwenye umri wa miaka 61, alifanyiwa upasuaji wa kuondoa saratani iliyokuwa ubavuni mwa ulimi, pamoja na tezi za limfu za upande mmoja wa shingo. Anaendelea kupata nafuu, ingawa maneno yake bado hayasikiki sawasawa na anakula vyakula laini tu. Wiki iliyopita tulikabidhiwa ripoti ya maabara yenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza umejaa vipimo vya milimita ambavyo hakuna aliyetufafanulia. Ukurasa wa pili una mistari minne: p53 chanya kwa nguvu, Ki-67 asilimia 55, EGFR chanya kwa nguvu, p16 hasi.

Mdogo wangu wa kiume aliingia mtandaoni usiku uleule na kutafuta kila jina. Amesoma kwamba p53 ikiwa chanya mgonjwa haishi muda mrefu, kwamba Ki-67 ikizidi nusu saratani hurudi, na kwamba wagonjwa wenye p16 hasi hufariki mapema kuliko wenye p16 chanya. Tangu hapo hakuna anayezungumza kwa sauti ya kawaida nyumbani. Baba mdogo ameichukua ripoti na kuagiza kwamba mgonjwa asiambiwe chochote. Baba mwenyewe anaona tunavyonong'ona, na nadhani ameanza kukata tamaa, maana juzi nilinusa sigara chumbani mwake ilhali aliacha kabla ya upasuaji.

Ipo pia maabara ya binafsi iliyotuambia kwamba inaweza kupima protini nyingine nyingi na kutupa makisio ya miaka aliyobakiza. Mdogo wangu anataka tufanye hivyo kwanza, ndipo tuamue kama mionzi aliyoandikiwa, ambayo imepangwa kuanza baada ya wiki mbili, ina faida au tutakuwa tunamtesa bure. Naomba utuambie: je, protini hizi zinaweza kueleza baba ataishi muda gani? Tungoje vipimo zaidi? Tumwambie au tunyamaze? Na sisi watoto, je, tunapaswa kupimwa protini hizohizo?

Binti wa Kwanza

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Kwa kuwa kazi yangu ya miaka mingi imekuwa kusoma vipande vya uvimbe chini ya hadubini na kuandika ripoti za aina hiyohiyo mliyokabidhiwa, nitakujibu kwa urefu. Lakini liko jambo lisiloweza kungoja maelezo marefu, nalo ni mionzi. Msiiahirishe. Pale ambapo daktari ameona kwamba mionzi inahitajika baada ya upasuaji wa saratani ya kinywa, inapendekezwa ianze ndani ya wiki 6 tangu siku ya upasuaji, kwa sababu seli chache ambazo huenda zimebaki hutumia kila siku ya ucheleweshaji kuongezeka. Hakuna protini katika ukurasa wenu wa pili, wala katika orodha ndefu ya ile maabara ya binafsi, inayoweza kuonyesha kwamba mionzi aliyoandikiwa baba yako haina faida. Uamuzi wa mionzi ulitoka katika ule ukurasa wa kwanza ambao nyote mmeupita haraka, nami nitaurudia.

Sasa tuje kwenye ile mistari minne. Naanza na p16, kwa kuwa hapo ndipo mdogo wako amepotea zaidi, tena bila kosa lake. Protini hii hupanda sana ndani ya seli zilizoshambuliwa na virusi vya papiloma, yaani HPV, kwa sababu virusi hivyo huzima protini nyingine iitwayo Rb, ambayo kwa kawaida ndiyo inayoizuia p16 isizidi. Ni kweli kabisa kwamba wagonjwa ambao saratani yao ilitokana na HPV huishi muda mrefu zaidi. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2010 ulikuta kwamba baada ya miaka 3, asilimia 82.4 ya wagonjwa wenye HPV kwenye uvimbe walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 57.1 ya wasio nayo. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba toleo la nane la mwongozo wa Marekani wa kupanga hatua za saratani, yaani ugonjwa umefika wapi, lililoanza kutumika mwaka 2018, liliwapa wagonjwa wenye p16 chanya jedwali lao la pekee.

Lakini wagonjwa hao wote walikuwa na saratani ya koo: tonsili, shina la ulimi na sehemu zinazozizunguka. Ubavu wa ulimi, mahali palipokuwa na uvimbe wa baba yako, ni sehemu ya kinywa, na ingawa hapo na shina la ulimi pametengana kwa sentimita chache tu, ugonjwa ni mwingine. Sehemu kubwa ya saratani za kinywa haitokani na HPV. Chanzo chake kikuu ni tumbaku, pombe na tambuu yenye popoo. Kwa hiyo p16 hasi kwenye ubavu wa ulimi ndilo jibu tunalolitarajia kwa wagonjwa walio wengi, na lile jedwali la p16 haliwahusu. Jibu la baba yako halikumwongezea hatari yoyote aliyokuwa hana siku moja kabla ya kupimwa. Mwambie mdogo wako hilo mapema, kwa kuwa nadhani ndilo lililomtisha kuliko yote.

Mstari wa p53 unahitaji uangalifu wa aina nyingine. Katika seli yenye afya, p53 ndiyo inayosimamisha mgawanyiko pale jeni zinapoharibika, ili zikarabatiwe au seli ife, na baada ya kazi hiyo huvunjwavunjwa upesi hata isionekane kwa urahisi. Jeni yake ikipata hitilafu, mara nyingi hutengenezwa protini mbovu isiyovunjika, ikajilimbikiza ndani ya kiini cha seli. Sisi maabara tunatumia kingamwili inayoshika protini hiyo na kuacha rangi ya kahawia, hivyo tunapoangalia tunaona viini vimeiva kahawia kimoja baada ya kingine. Hiyo ndiyo maana ya «chanya kwa nguvu». Kuna hitilafu nyingine, hata hivyo, ambazo huifanya seli isitengeneze protini kabisa, na kipande cha namna hiyo hubaki bila rangi hata kidogo. Mtu akisoma neno «hasi» akafurahi, atakuwa amefurahia hitilafu ileile iliyojitokeza kwa sura nyingine. Isitoshe, zaidi ya robo tatu ya saratani za kichwa na shingo zisizotokana na HPV zina hitilafu katika jeni hii. Alama inayopatikana kwa wagonjwa walio wengi namna hiyo, wakiwemo wengi wanaopona, haiwezi kumtenga baba yako na kumhukumu peke yake.

Ki-67 ni protini inayoonekana ndani ya seli zinazogawanyika, na asilimia 55 maana yake ni kwamba katika kila seli 100 za saratani zilizohesabiwa, 55 zilikuwa katika mzunguko wa kugawanyika. Ningependa ujue hesabu hiyo inavyofanyika. Saratani ya aina hii hukua kwa mafungu mafungu. Pembezoni mwa fungu seli hugawanyika kwa wingi, na katikati, ambako seli zimekwisha kukomaa na kuwa ngumu kama ngozi, rangi hutoweka. Msomaji akihesabia pembezoni atapata namba kubwa, na mwenzake akihesabia eneo zima atapata namba ndogo, ingawa wote wawili wametazama kioo kilekile chenye kipande cha uvimbe. Kwa saratani ya kinywa hakuna kizingiti kilichokubaliwa kwamba namba ikikipita basi matibabu yabadilike, kwa hiyo ile «nusu» aliyoisoma mdogo wako haina uzito aliouhofia.

EGFR nitaipita haraka zaidi. Ni protini iliyoko kwenye utando wa nje wa seli, inayopokea ishara za kukua, na idadi kubwa mno ya saratani za kinywa huwa nayo kwa wingi. Ipo dawa inayoilenga, setuksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa saratani za kichwa na shingo, lakini hata hapo ukali wa rangi kwenye kioo hautumiki kuchagua nani apewe, kwa sababu haukuonekana kutabiri nani atafaidika.

Huenda ukauliza kwa nini basi wanasayansi wanaendelea kuchapisha makala zinazosema kwamba protini hii au ile inahusiana na muda wa kuishi. Wanaandika kweli, ila wanaandika kuhusu makundi. Tuchukulie, kwa mfano wa kufundishia tu, wagonjwa 100 ambao uvimbe wao una alama fulani na wengine 100 ambao uvimbe wao hauna. Baada ya miaka 5, tuseme wako hai 50 katika kundi la kwanza na 62 katika kundi la pili. Mtafiti ana haki ya kuandika kwamba alama hiyo inaambatana na maisha mafupi. Lakini 50 wenye alama mbaya wako hai, na 38 wenye alama nzuri wamefariki, na hakuna mstari wowote kwenye ripoti unaomwonyesha mgonjwa aliyeketi mbele yako atakuwa upande gani. Makala mdogo wako alizozisoma ziliandikwa ili watafiti waelewe ugonjwa, na ni kazi ya maana, kwa kuwa ndiyo njia ya kupata dawa mpya. Hazikuandikwa zisomwe usiku na familia yenye mgonjwa.

Tena, nyingi kati ya tafiti hizo zina udhaifu ambao sisi wenyewe wa fani hii tunaukiri. Wagonjwa ni wachache, mara nyingi ni wa hospitali moja, na vipande vimetolewa kwenye kabati la kumbukumbu miaka mingi baada ya matibabu. Kila maabara hutumia kingamwili yake na kujiwekea mpaka wake kati ya «chanya» na «hasi», wakati mwingine mpaka unaochaguliwa baada ya matokeo kujulikana, jambo ambalo huifanya tofauti ionekane kubwa kuliko ilivyo. Wengine huchanganya ulimi, tonsili na zoloto katika kundi moja, ilhali umekwisha kuona jinsi sentimita chache zinavyobadilisha maana ya p16. Na utafiti usiopata tofauti yoyote mara nyingi hauchapishwi, hivyo msomaji hukutana na mafanikio tu. Hali hii ilisumbua kiasi kwamba mwaka 2005 wataalamu walitoa mwongozo wa kimataifa uitwao REMARK, unaowataka watafiti waeleze bayana walipima nini, kwa wagonjwa gani, na mpaka waliuchagua vipi. Mpaka leo hakuna protini hata moja iliyoingizwa katika mpango wa kupanga hatua za saratani ya kinywa.

Ndiyo maana nashauri msiende kwenye ile maabara. Sisemi kwamba vipimo vyake ni bandia. Huenda protini wanazozitaja zitapimwa kwa ustadi kabisa. Tatizo ni ahadi iliyoambatanishwa navyo, kwa kuwa anayemwahidi mtu mmoja idadi ya miaka kutokana na rangi ya protini anauza kitu ambacho sayansi haijakipata. Kabla ya kulipia kipimo chochote, mwulizeni daktari wa baba yenu swali moja: jibu likija hivi au vile, matibabu yatabadilika? Ikiwa matibabu hayatabadilika, basi kipimo hicho kitawaongezea hofu tu.

Kuna kipimo kimoja cha protini ambacho hupita mtihani huo, nacho hakimo katika orodha yenu. Kinaitwa PD-L1. Protini hii huiwezesha saratani kujificha mbele ya kinga ya mwili, na wingi wake husaidia kuamua kama mgonjwa apewe dawa ya kinga iitwayo pembrolizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kama tiba ya mwanzo kwa saratani ya kichwa na shingo iliyorudi au kusambaa. Mwaka 2025 iliidhinishwa pia kwa baadhi ya wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji, lakini kwa utaratibu huo dawa huanza kabla ya upasuaji wenyewe, hatua ambayo baba yako amekwisha kuipita. Kwa hiyo PD-L1 haina haraka kwake sasa. Kumbukeni tu kwamba ipo, na kwamba vipande vyake vilivyohifadhiwa maabara vinaweza kupimwa baadaye ikihitajika.

Sasa fungueni ukurasa wa kwanza. Zile milimita zilizowachosha ndizo zinazobeba habari nzito kuliko protini zote nne. Tafuta kina cha uvamizi, yaani saratani ilichimba kwa kiasi gani ndani ya nyama ya ulimi: mwongozo wa mwaka 2018 hutenganisha uvimbe usiozidi milimita 5, ule wa kati ya 5 na 10, na uliozidi 10. Tafuta hali ya kingo, yaani kama pembezoni mwa nyama iliyokatwa palikuwa safi, na kwa umbali gani. Wengi wetu hupenda kuona milimita 5 au zaidi. Kisha tafuta tezi za shingo: ngapi zilichunguzwa, ngapi zilikutwa na saratani, na kama saratani ilipasua ganda la tezi na kutoka nje. Kuingia kwa saratani kwenye tezi za shingo ndicho kiashiria kizito kuliko vyote katika ugonjwa huu. Tena habari hizi zinaelekeza tiba: ikiwa kingo hazikuwa safi au ganda la tezi lilipasuliwa, tafiti mbili kubwa zilizochapishwa mwaka 2004 zilionyesha faida ya kuongeza dawa ya sisplatini pamoja na mionzi. Mwulizeni daktari kama baba yako yumo katika kundi hilo, na kama figo na masikio yake yanaruhusu dawa hiyo.

Linalobaki ni gumu kuliko protini. Baba yako mdogo ana nia njema, na usishindane naye mbele za watu. Mwombe mama akusaidie kuzungumza naye kwa heshima, mkimweleza kwamba ukurasa uliowatisha hausemi yale mliyodhani unasema. Lakini ripoti ile ni ya baba yako. Ni mtu mzima mwenye akili zake, atakayelala chini ya mashine ya mionzi siku 5 kila wiki kwa takriban wiki 6, na hawezi kuvumilia tiba ngumu hivyo huku akiamini kwamba wote waliomzunguka wamekwisha kumlilia. Kinachomfikia sasa ni minong'ono, na hiyo ina ukatili kuliko ripoti yenyewe. Keti naye mkiwa wawili, umpe daftari na kalamu kwa kuwa kusema kunamchosha, kisha umwambie hivi: «Baba, majibu ya maabara yametoka. Ungependa kuyajua yote, au ungependa daktari akueleze yanayohusu matibabu tu?» Halafu ngoja aandike, hata akichukua muda. Akitaka yote, daktari ndiye amweleze, nawe uwepo. Asipotaka, huo nao ni uamuzi wake na uheshimiwe.

Kuhusu sigara, usimgombeze. Mtu anayerudia sigara katikati ya minong'ono huwa anajibu kile anachodhani mmekwisha kukiamua. Mweleze tu, baada ya mazungumzo hayo, kwamba kuvuta wakati wa mionzi huipunguzia tiba nguvu na kuzidisha vidonda vya kinywa, na kwamba kuacha sasa bado kunamsaidia. Kisha mwombe daktari msaada wa kuacha, kwa sababu utashi peke yake hautoshi kwa kila mtu. Na ndani ya wiki hizi mbili, hakikisheni daktari wa meno amemwona, kwa kuwa jino bovu likilazimika kung'olewa baada ya mionzi, mfupa wa taya hupona kwa shida kubwa.

Mwisho umeuliza kuhusu ninyi watoto. Alama zilizoandikwa kwenye ukurasa wa pili ni za uvimbe, na uvimbe huo umekwisha kutolewa; hazikuwa katika damu ambayo baba yenu aliwarithisha. Ipo hali adimu sana ambapo hitilafu ya jeni ya p53 hurithiwa, lakini hiyo hujitokeza katika familia zenye saratani za aina nyingi zikiwapata watu wakiwa wadogo, na hujulikana kwa kipimo cha jeni kwenye damu. Uvimbe mmoja wa ulimi kwa mtu mzima aliyekuwa akivuta sigara hautoshi kutufanya tuifikirie, labda iwe kuna habari za ukoo ambazo hukuziandika. Hakuna protini ya kupimwa kwenu. Kama mdogo wako naye anavuta, aache pamoja na baba yake. Na yeyote kati yenu akiona kidonda mdomoni, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, likikaa zaidi ya wiki mbili, asiingie mtandaoni. Aende akafunguliwe mdomo chini ya taa na mtu anayejua anachokitafuta.